Ukuta wa Mabati na Mchezo wa Nzia

Enzi zetu mtu hakufa kwenye mchezo bila kuelezwa kwa nini. Ukifa unaambiwa kosa lako, unaenda kuchota maji, unarudi, unaanza upya. Nawaandikia nyinyi wa rika langu mliokulia vumbini, kwa sababu juzi mjukuu wangu Ndanu, msichana wa miaka kumi na sita, alinikasirisha mpaka chai ikamwagikia jiko.

Alikuwa amekunja miguu kwenye kiti changu, simu mkononi, anaua watu. Hiyo ndiyo gemu yake. Watu wanatokea nyuma ya magari, anawapiga risasi, wanaanguka, wanatokea wengine. Nikasimama nyuma yake nikatazama mpaka nikachoka.

"Huyo wa kofia nyekundu amekukosea nini?" nikamuuliza.

"Hajanikosea, Susu. Ni adui tu. Si ndio gemu."

"Umemuuliza?"

Akacheka mpaka simu ikataka kumwanguka. "Ati nimuulize! Susu, kwani enzi zenu mlikuwa mnacheza nini? Mawe?"

Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na neno hilo mlishike, maana nitalirudia. Ndanu nilimwambia tu atoke kwenye kiti changu. Jibu lake ni refu, na mtoto wa simu hana masikio ya jibu refu. Nyinyi mnayo.

Tulipokuwa wadogo kule Kitui tulichunga mbuzi kando ya mto usio na maji. Wageni wakiuona mto ule wanasema ni barabara ya mchanga. Mchanga ulikuwa moto, unakanyaga kwa visigino kama kuku aliyeungua. Tulibeba mahindi na maharagwe ya jana kwenye jani la mgomba kama lipo, la sivyo kwenye kibuyu, na ladha ya kibuyu kile, moshi na maziwa ya zamani, sijaipata kwenye sahani yoyote ya Nairobi. Mbuzi wakishalala kivulini, hapo ndipo tulipocheza Nzia. Nzia ni njia kwa Kikamba. Mchezo ule haukuwa na mpira, kamba wala mawe, mwambieni Ndanu. Ulikuwa wa mdomo na kichwa.

Mmoja anakuwa mwenye njia. Kwetu alikuwa rafiki yangu Kalondu, msichana mwembamba mwenye pengo la meno, na hakuna aliyemshinda. Anakaa, anafumba macho, anakwambia: "Umesimama kwenye boma la watu usiowajua. Una vitu vitatu: kamba, kibuyu na kaa la moto. Unafanya nini?" Wewe unasema, "Naangalia." Sharti uangalie kwanza. Ukikimbia kabla hujaangalia umekufa. Anakwambia unachokiona: mbwa, kisima, mwanamke anayelia. Unasema, "Naongea na mwanamke." Anakuwa mwanamke, anakujibu kwa sauti ya mwanamke. Mkono haubebi vitu vinne. Ukitaka cha nne, kimoja unakiacha. Na kumpiga mtu hakukuwamo kabisa. Mtoto mmoja alisema, "Nampiga mlinzi kwa rungu," Kalondu akafumbua macho akamtazama kama amejikojolea. "Umekufa. Nenda kachote maji." Tukacheka, naye akashika mtungi.

Lakini sheria iliyopita zote ilimhusu mwenye njia mwenyewe. Mwenye njia hasemi uongo. Anaweza kukunyima, anaweza kukuacha ufe, ila ukisema "Naangalia" anakwambia kilichopo. Akisema daraja ni zima na si zima, watoto wote wanasimama wanamwachia mbuzi wake peke yake, na kesho hachezi. Niliiona ikitendeka mara moja tu. Msichana yule alirudi nyumbani analia kuliko aliyefiwa.

Mama yangu alikuwa akisema, "Mungu aliweka macho juu ya mdomo. Yatangulie." Alilisema nikivunja chungu, nikikanyaga mwiba, nikimjibu mkubwa. Darasani nilifika la tatu, mwalimu akatufundisha kuhesabu punje za mahindi, halafu ukame ukaja tukazila hesabu zenyewe. Basi. Kilichobaki nilifundishwa na Kalondu na mama yangu.

Sasa ruka miaka hiyo yote, maana sitaki kuwachosha. Nikaolewa, nikafiwa, nikaja Nairobi, nikapanga chumba Silanga, ule upande wa Kibera unaoshukia bwawani. Nikawa nauza mboga za sukuma na makaa. Binti yangu Kamene aliolewa Kawangware na fundi mmoja, Musyoka, kijana wa kwetu aliyetengeneza kompyuta zilizotupwa na maofisi. Chumba chao kilijaa mashine zenye mgongo kama kobe. Mtoto wao wa kwanza, Mwende, dada yake huyu Ndanu, alikuwa na miaka tisa nilipokwenda kuwatembelea nikamkuta mbele ya kobe mmoja, kidole mdomoni, anafikiri.

Nikakaa nyuma yake nikiambua maharagwe. Kwenye kioo kuna mtu wa kuchorwa, mpeleka barua, amebeba mkoba. Anatakiwa kufikisha barua kwenye mnara uliojengwa kwa chumvi. Jina la Kizungu la gemu sikulishika, Mwende aliiita Mnara wa Chumvi. Chini ya picha maneno yamepangwa kama nyanya kwenye kibanda: angalia, chukua, mpe, fungua, ongea. Unagusa neno, halafu unagusa kitu. Hakuna bunduki. Muziki wake ni kama mtu anayepiga filimbi akiwa mbali na hana haraka.

Mikono yangu ikasimama kwenye maharagwe. "Huu ni Nzia," nikasema.

"Hapana Susu, hii ni gemu ya kompyuta," Mwende akasema. "Hata Baba imemshinda. Kisima hakina maji, na yule punda hataki kutembea bila maji. Wiki nzima."

"Kuna mto?"

"Uko, lakini umekauka."

"Ana koleo?"

"Analo."

"Mwambie achimbe mchangani, juu kidogo ya mwamba. Maji hujificha nyuma ya mwamba."

Mwende akagusa, akagusa, mtu wa barua akainama akachimba, na maji yakatoka. Musyoka aliacha waya zake akaja kutazama. "Mama, umejuaje?" Nikamwambia aliyeitengeneza gemu hiyo, popote alipo, amewahi kukaa na kiu. Tangu siku hiyo kila nikienda Kawangware kazi ni hiyo. Mwende anashika kipanya, mimi nashika mawazo. Mtu wa barua alikufa mara nyingi mikononi mwetu: alizama, aliumwa na nyuki, alifungiwa ghalani. Kila akifa maandishi yanatokea, Mwende ananisomea kwa Kiswahili: umekufa kwa sababu hii, rudi mwanzo. Nikasema hao Wazungu wana adabu. Wanakueleza kosa lako kama Kalondu.

Halafu Musyoka akaleta kitabu. Alikiona mjini, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini, jalada limekatika pembe: hadithi ya gemu ile ile, imeandikwa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwende alinisomea sura moja kila siku wakati wa likizo, na mimi nilikasirika karibu kila sura. Sikilizeni kwa nini. Ndani ya kitabu, mtu wa barua hafi hata siku moja! Anafika kisimani, anaona kikavu, anakwenda mtoni anachimba, maji. Anafika darajani, anaongea na mlinzi, anapita. Wiki nzima ya fundi Musyoka imefichwa. Nyuki hawamo. Nikamwambia Mwende, huyu mwandishi anatudanganya kwamba njia hujulikana kwa kuzaliwa.

Lakini nitasema haki. Kuna jambo moja kitabu kilifanya na gemu haikuweza. Mlinzi wa daraja kwenye gemu ni mtu wa kusimama tu na mkuki. Kitabu kikamwingia kichwani. Tukajua ana njaa, anaogopa aliyemweka pale kuliko anavyomchukia anayepita, na buti moja linambana. Hapo nilimwambia Mwende, "Rudia hiyo." Aliirudia mara tatu.

Mwisho wa mwaka 2007 Mwende alikuja Silanga kusherehekea Krismasi na mimi, na kitabu chake ndani ya mfuko wa plastiki. Krismasi ikapita, tukapiga kura, tukawa tunangoja matokeo. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja, na ukuta wa kushoto ulikuwa bati moja tu kati yangu na jirani yangu Mama Achieng'. Yeye ni Mjaluo, mtu wa ziwani, anauza makaa kama mimi. Miaka sita tuligombania wateja mchana na kukopeshana chumvi jioni. Binti yake Achieng' alikuwa rika la Mwende. Batini palikuwa na tundu la msumari, na wasichana wawili hao walicheza Nzia kupitia tundu hilo, kila mmoja amekaa kwao. Mwende alimpitishia Achieng' Mnara wa Chumvi wote kwa mdomo, ingawa yule mtoto hakuwahi kuiona kompyuta ikiwaka.

Matokeo yalipotangazwa, mji ukalipuka. Sitawaeleza moto na mawe, mliyaona. Nitawaeleza kosa langu. Mchana ule nasikia kelele barabarani, na nyuma yangu Achieng' anacheka kwenye tundu, "Umekufa, Mwende! Nyuki!" Nikachukua mwiko nikapiga bati kwa nguvu zangu zote. "Wewe mtoto, nyamaza huko! Hapa si kwenu!"

Nilimaanisha hapa si nyumbani kwenu, ni kwangu. Lakini wiki ile maneno hayo yalikuwa yakisemwa na watu wengine kwa maana nyingine, na wenye panga. Nikasikia Mama Achieng' akivuta kiti mbali na ukuta. Hatukusalimiana tena.

Siku zikapita. Simu yangu ilikufa chaji na kibanda cha kuchajia kilifungwa, kwa hiyo Kamene hakujua kama mtoto wake yuko hai. Mwanzoni mimi Mkamba sikuguswa. Waliokuwa wakitafutwa ni wengine, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Halafu Januari ikazidi kusonga, habari zikaja kwamba wakubwa wa kwetu wamekubaliana na upande wa serikali, ule ambao mtaa wetu ulikuwa ukiupinga. Mimi sikukubaliana na mtu. Hakuna aliyekuja Silanga kuniuliza nakubali. Lakini vijana wakaanza kupita mlango hadi mlango mchana peupe wakisalimia watu kwa Kijaluo, na ukijibu vibaya wanakumbuka mlango wako. Wangu waliukumbuka. Mmoja aligonga bati kwa rungu polepole, mara tatu, akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu kana kwamba ndiko kwetu, "Cucu, kesho tutakuja kunywa chai."

Nilimwambia Mwende, "Kesho asubuhi nakupeleka kwa mama yako Kawangware. Tunapitia barabara ya juu, ya Olympic, kama siku zote." Nilisema kwa sauti ya kawaida. Bati lilisikia.

Asubuhi tumeshafunga mizigo, nikasikia kucha zikikwaruza kwenye tundu la msumari. "Mwende," sauti ya Achieng'. "Tucheze."

Mwende akanitazama. Nilitaka kukataa. Kisha nikasikia nong'ono, Mama Achieng' anasema jambo kwa Kijaluo, na mtoto analigeuza kwa Kiswahili, akiniita nyanya kama watoto wa Nairobi: "Shosho ndiye acheze. Mimi ndio mwenye njia."

Nikakaa chini kwenye mkeka, mimi mwanamke mzima, mdomo kwenye tundu. "Haya. Cheza."

"Umesimama kwenye mlango wa nyumba ya mabati, Silanga. Unafanya nini?"

"Napanda juu, napitia Olympic."

"Umekufa."

Alisema haraka sana. Nikasikia mama yake akinong'ona. "Hukuangalia," mtoto akaendelea. "Njia ya Olympic iko na matairi inaungua, na watu wanauliza jina. Rudi mwanzo."

Yule mtoto hakuwa ametoka nje siku nyingi, nilijua, maana kutwa nilimsikia nyuma ya bati. Aliyetoka ni mama yake. Aliamka akaenda kuniangalilia njia. Na kwa nini hakuja kunigongea mlango? Kwa sababu njia ile nzima ina macho, na mwanamke wa kwao akionekana mlangoni kwangu asubuhi ile angeitwa msaliti, na walikwisha kuwachomea watu nyumba kwa hilo.

Nitasema ukweli, nilisita. Nilijiuliza kama ananipeleka kwenye mtego. Nilimtukana mtoto wake. Mtu aliyeambiwa "hapa si kwenu" ana sababu. Mwende akanishika goti akaninong'oneza, "Susu, mwenye njia hasemi uongo." Kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufundishwa! Nikarudisha mdomo kwenye tundu.

"Naangalia," nikasema.

"Unaona njia ya chini, ya bwawani, kwenye mashamba. Kuna daraja ya mbao juu ya mtaro. Kwa daraja kuna vijana watatu. Unafanya nini?"

"Naongea nao." Si ndivyo nilivyofundishwa? Kwenye Nzia unaongea, kwenye gemu unaongea na kila mtu.

"Unaongea lugha gani? Wakisikia vile unaongea, umekufa. Rudi mwanzo."

"Basi nanyamaza. Nabeba vitu vyangu napita kama naenda shambani."

"Umebeba nini?"

"Kiondo, maji, kitabu."

Halafu Mama Achieng' mwenyewe, si mtoto, akaropoka kwa hasira kupitia bati: "Kiondo!" Na mtoto akadakia, "Umekufa, Shosho. Umekufa."

Jamani. Kiondo kile nilikisuka kwa mikono yangu, mkonge wa Kitui, michirizi ya kahawia. Hakuna mwanamke wa Ukambani anayetoka bila kiondo, ni kama kutoka bila kichwa. Na ndiyo sababu. Ningeufunga mdomo wangu halafu nibebe kabila langu begani, watu walione tangu mbali. Nilikivua nikakiweka kitandani. Nikasema, "Jembe, gunia na mtungi wa maji. Vitu vitatu."

"Sawa. Uko kwenye daraja. Mwende amechoka, anakuita. Anakuita aje?"

"Susu," Mwende akasema, kabla sijamzuia.

Hakuna aliyesema tumekufa. Haikuhitajika. Nikasikia Achieng' akivuta kamasi. Halafu akasema taratibu, kama mwalimu, "Mwende, sema Dani."

"Dani."

"Si hivyo. Vuta kidogo. Daa-ni."

"Dani."

"Tena."

Walirudia mara nyingi kama nyimbo za shule, wasichana wawili, bati katikati. Dani ndiyo nyanya kwa Kijaluo. Nilipotoka sikuweza kumuaga mtu. Nilichoweza ni kukisukuma kile kitabu chini ya bati, palipokuwa na nafasi ya vidole viwili, maana mikono yetu ilijaa vitu vitatu. Upande wa pili mkono ukakivuta.

Tukashuka bwawani, mimi jembe begani, Mwende na gunia tupu kichwani. Sukuma zilikuwa zimechanua maua, hakuna aliyezichuma wiki mbili. Kwenye daraja la mbao walikuwepo watatu, kama tulivyoambiwa. Mmoja amekaa, kiatu kimoja amekivua, anaukanda mguu. Nilikumbuka buti la mlinzi. Hayo ndiyo mawazo yaliyonijia, sijui kama niliyataka. Wakasimama. Mmoja akatutazama usoni. Na Mwende, mtoto wa miaka kumi, akasema kwa uchovu ambao haukuwa wa kuigiza:

"Dani, nipe maji."

Yule kijana akasogea. "Pita hapa, Dani," akaniambia, "hapo kuna matope." Na akanishika mkono! Akanivusha ubao mbovu kama mwanangu, akamchukulia Mwende gunia mpaka ng'ambo, akamrudishia. "Pole pole, nyathina," akamwambia. Yaani mtoto wangu.

Mpaka leo nimemkasirikia kijana yule, na hasira yangu inatokana na adabu yake. Alikuwa nayo. Mama yake alimlea. Yote hiyo ilikuwemo ndani yake, ya kumvusha bibi kizee matopeni, na ilikuwa imefungiwa nyuma ya neno moja. Mwende angesema Susu, ingebaki imefungwa na rungu lingefunguliwa. Nani alimfunga hivyo? Hakuzaliwa hivyo. Waliomfunga ni wale waliosimama juu ya magari miezi mizima na vipaza sauti wakituambia mbele kuna nini. Ndio waliokuwa wenye njia wetu. Tuliwaambia, "Tunaangalia," wakatujibu uongo, na hakuna aliyewaachia mbuzi wao peke yao. Kesho yake walicheza tena. Watoto wa Kitui, matako wazi, walikuwa na sheria kuwapita.

Tulitembea mpaka Mbagathi, tukashika barabara ya Ngong', tukafika Kawangware jua likiwa bado juu. Kule nako kulikuwa kunawaka, ila wanaotafutwa mlangoni ni watu wa kina Mama Achieng'. Njia zile zile, matairi yale yale, maswali yamegeuzwa. Kamene alimshika mwanawe asimwachie. Musyoka alisema, "Mama, mmepitaje?" Mwende akajibu, "Tulikufa mara nne."

Basi ningeweza kuwaandikia kama mwandishi wa kile kitabu: wakapita kando ya bwawa, wakafika. Ni kweli tulipita, ni kweli tulifika. Nimewaandikia na mara nne zile, kwa sababu bila hizo mtadhani nilikuwa na akili.

Amani iliporudi nilishuka Silanga kutazama kama nina nyumba. Mlango wangu ulikuwa na kufuli nisiyoijua. Nikajua nimeshapokonywa, wengi walipokonywa. Nikiwa nimesimama pale, Mama Achieng' akatoka na ufunguo kwenye kamba ya shingo. Alikuwa ameweka magunia yake ya makaa ndani, akawaambia watu chumba ni stoo yake.

"Umekonda," akaniambia.

"Na wewe pia."

"Kiondo chako nilitia vitunguu."

"Vikioza utakilipa."

Hayo ndiyo maongezi yetu yote. Sikusema asante, wala samahani iliyokuwa yangu kuisema. Kuna mambo ukiyatolea mdomo unayapunguza, au labda nilikuwa na kiburi tu. Achieng' akanirudishia kitabu. Alikuwa amekisoma chote, na pembeni mwa kurasa, kwa penseli, kila mahali mwandishi alipoficha, ameandika kwa mwandiko wa darasa la nne: Hapa alizama. Hapa ni nyuki. Hapa umekufa, rudi mwanzo. Na kwenye sura ya daraja ameandika: Shosho alipita.

Kitabu hicho ninacho. Kilikuwa kwenye meza juzi Ndanu alipokuwa akiua watu wake. Siku hizi nakaa Kawangware, nyumba ya mawe, Kamene alinihamisha akasema Silanga imenitosha. Ni nyumba nzuri, maji yanatoka ukutani, simlaumu. Wajukuu wana gemu ambazo picha zake huwezi kuzitofautisha na watu. Mwende aliniambia hata zile za zamani zimerudi, Mnara wa Chumvi umepakwa rangi upya, na pembeni wameweka kitufe: ukikwama, unakibonyeza kinakuonyesha njia yote. Hakuna anayekaa wiki nzima na punda mwenye kiu. Nilimwambia asinionyeshe.

Jana nilikaa kitandani nikagonga ukuta kwa kucha, tu kujaribu. Mawe. Hayatoi sauti. Nikagonga kwa mwiko. Jirani, mwanamke ambaye mwaka wa sita huu naijua rangi ya geti lake na si jina lake, akapaza sauti kutoka dirishani: "Shosho, tafadhali, makelele!" Ndanu akacheka akarudisha vitu vyake masikioni.

Kura zitakuja tena, huja kila baada ya miaka mitano kama nzige, na nasikia vipaza sauti vimeanza kujaribiwa huko stendi. Tulikuwa na bati moja bovu lenye tundu la msumari. Sasa tuna mawe, na kila mtu ana simu yake. Siku ikiharibika, nani upande wa pili atanikwaruzia ukuta aniambie nimekufa, nirudi mwanzo?